Binti yangu anataka kunipeleka Karlovy Vary: je, maji yale yanaponya?

*"Daktari, mimi ni mama wa miaka 61. Nina kisukari cha ukubwani, huu ni mwaka wa tisa, na presha kwa miaka minne. Natumia metformin, glibenclamide na amlodipine. Juu ya hayo choo changu ni kigumu, naweza kumaliza siku tatu sijaenda. Binti yangu anasoma Prague, na mwezi wa tano mwakani anataka kunipeleka wiki mbili kwenye mji wa Karlovy Vary, wenye chemchemi za maji ya moto. Anasema ulianzishwa na mfalme aliyeponyesha mguu wake kwa maji hayo, na kwamba wakubwa wengi wa zamani, hata Beethoven na Karl Marx, walikwenda kutibiwa pale. Wenzangu wa jumuiya wamefurahi, mmoja ameniomba nimletee chupa. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, yeye anacheka. Anasema ni utapeli wa Wazungu, tena maji yenyewe yanageuza vitu kuwa mawe, kwa hiyo yatanijaza mawe kwenye figo. Nani mkweli? Na nikiwa kule, niendelee na dawa au niyaachie maji yafanye kazi?"*

Shikamoo mama. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye hatari: dawa usiache. Metformin, glibenclamide na amlodipine zipande ndege pamoja nawe, kwenye mkoba wa mkononi, na uzimeze kule kama unavyozimeza nyumbani mpaka daktari aliyekupima aseme vinginevyo. Hakuna chemchemi, ya Ulaya wala ya kwetu, inayoshika nafasi ya vidonge hivyo. Tukishaelewana hapo, mengine tunaweza kuyaongea kwa raha, maana mji wenyewe naupenda.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, na historia ya tiba ndiyo inayonikesha nikiwa sina zamu. Karlovy Vary nimefika mara moja tu. Nilisimama kwenye foleni na kikombe changu mkononi kama mwanafunzi anayesubiri uji, nikakinga, nikanywa. Maji ni ya moto, yana chumvi, na kwa mbali unasikia ladha ya chuma. Ni kama supu ya kuku ambayo mpishi alisahau kutia kuku. Mzee wa Kicheki aliyekuwa mbele yangu aliniangalia uso ulivyonikunjamana, akacheka, akaendelea kufyonza yake taratibu.

Binti yako na jirani yako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Binti anasikia mfalme alikwenda, anaona basi maji yanaponya. Mwalimu anasikia hadithi ya mfalme, anaona basi yote ni uongo. Lakini mji huu una zaidi ya miaka 600, na katika miaka hiyo umefanya jambo moja ambalo kama daktari naliheshimu: umekuwa ukipunguza kipimo. Walianza kwa kuwatesa wagonjwa na maji yale, wakaishia kuwapa vikombe vichache na kuwaambia watembee. Ukiifuata safari hiyo, utajua mwenyewe unywe kiasi gani.

Kwanza tuondoe neno moja njiani. Kwetu ukisema spa, mtu anaona taulo nyeupe, mafuta ya mgongoni na rangi ya kucha. Neno hilo ni jina la mji, Spa, ulioko Ubelgiji, wenye chemchemi za madini zilizosifika Ulaya nzima hadi jina lake likawa jina la kila mahali pa namna hiyo. Miji hiyo ilikuwa ya tiba hasa, na Karlovy Vary bado ni hivyo: anayekwenda kutibiwa huonana na daktari, akaandikiwa maji kama anavyoandikiwa dawa. Chemchemi ipi, mililita ngapi, saa ngapi, kabla ya mlo kwa muda gani.

Sasa mfalme. Ni Karolo wa Nne, mfalme wa Bohemia na kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi. Simulizi inasema alikuwa akiwinda msituni, mbwa wake akimfukuza kulungu akatumbukia kwenye maji ya moto na kulia kwa maumivu. Watu wakaja kumwokoa mbwa, wakakuta chemchemi, na kaisari akautibu mguu wake hapo. Ni hadithi tamu, lakini iliandikwa mwaka 1571 na daktari mmoja aitwaye Fabian Sommer, karibu miaka 200 baada ya kaisari kufariki. Kilicho na hati ni hiki: tarehe 14 Agosti 1370 Karolo aliupa mji haki zake za mji. Watu walikuwa wakiishi eneo lile na kuyajua maji kabla yake, kama kawaida. Wafalme hugundua vitu ambavyo wanakijiji wameshavichoka. Jina lenyewe lina siri ndogo inayonifurahisha. *Vary* linatokana na neno la Kicheki la kuchemka, na *Karlovy* ni "ya Karolo". Kwa hiyo ni Machemko ya Karolo. Nasi tumefanya vilevile: chemchemi, chemka.

Je, maji yanatoka wapi? Mvua inanyesha kwenye milima ya Bohemia magharibi na kupenya kwenye nyufa za mwamba wa itale. Inashuka chini sana, kilomita mbili na zaidi, ambako joto la ardhi huipasha. Sehemu hiyo ya Ucheki ina bonde la ufa, dogo na la zamani, linalofuata mto Ohře. Ukubwa wake haufikii bonde letu, lakini ni jamaa yake. Kutoka kina kirefu hupanda gesi ya kaboni dayoksaidi, ile ile inayofanya soda itoe povu. Gesi hiyo ikikutana na maji ya moto hufanya mambo mawili. Inayatia makali ya kuumumunya mwamba na kubeba chumvi zake, na inayasukuma juu kama soda iliyotikiswa ukiifungua. Chemchemi kubwa kuliko zote, Vřídlo, hurusha maji yake kufikia mita 12, yakiwa na nyuzi 73 za Selsiasi, takriban lita 2,000 kila dakika. Hesabu ndoo mia moja za lita 20, dakika hii, na mia nyingine dakika ijayo, mchana na usiku.

Watu wengi hudhani kila chemchemi pale ina dawa yake: hii ya ini, ile ya figo. Kimsingi maji yote yanatoka kwenye chungu kimoja chini ya ardhi, na kinachotofautiana zaidi ni joto na gesi iliyobaki. Yaliyopoa njiani yana gesi zaidi na huchochea tumbo zaidi, ya moto ni mapole. Ukipima lita moja utakuta zaidi ya gramu sita za chumvi zilizoyeyuka, sawa na kijiko cha chai kilichojaa. Na chumvi zenyewe unazifahamu jikoni kwako. Kuna jamii ya magadi, ndiyo inayotuliza kiungulia. Kuna chumvi ya mezani. Na kuna salfati ya sodiamu, ambayo ni ndugu wa damu wa ile chumvi ya haluli tuliyonyweshwa utotoni kusafisha tumbo, huku mama ameshika sikio.

Hapo umeshajua nusu ya siri. Aliyekunywa maji yale akapata choo hakupata muujiza, ila hakuwa amedanganywa pia. Salfati hainyonywi vizuri na utumbo, hivyo hubaki mle ndani na kuvuta maji kuja kwake, na kinyesi kinalainika. Majaribio ya kitabibu yaliyofanywa Ulaya kwa maji ya madini yenye salfati nyingi yameonyesha yanasaidia watu wenye choo kigumu. Kwa hilo jirani yako ameshindwa.

Kuhusu mawe, hajakosea yote. Maji yale hujenga mawe kweli. Yakitoka juu, gesi inatoroka, na chokaa iliyokuwa imeshikiliwa na gesi inakosa mshikaji, inaganda. Ni jambo lile lile linalotokea ndani ya birika lako ukichemsha maji ya kisima, ule utando mweupe mgumu. Kule jiwe hilo, aragonaiti, limeganda kwa karne nyingi hadi sehemu ya mji imejengwa juu ya ganda lake, na mabomba ya chemchemi huziba, kwa hiyo lazima yashughulikiwe kila mara. Wenyeji huchovya waridi la karatasi kwenye maji ya Vřídlo, na baada ya muda linatoka limevikwa jiwe la rangi ya kahawia, wanakuuzia kama zawadi. Mwalimu huenda aliliona hilo mahali. Lakini tumboni mwako mambo ni kinyume: kuna asidi, na asidi huyeyusha chokaa. Mawe ya figo yana njia yake. Mengi ni ya kalsiamu na oksalati, na adui yake mkubwa ni maji ya kutosha mwilini. Kama umewahi kuwa na mawe ya figo mwambie daktari, ila waridi lisikutishe.

Turudi kwenye kipimo, maana hapa ndipo historia inapokuwa mwalimu.

Katika karne za kwanza watu hawakuyanywa sana. Waliyaoga, na waliyaoga kikatili. Mgonjwa aliketi majini saa nyingi kwa siku, hata kumi na zaidi, siku baada ya siku, mpaka ngozi ipasuke. Imani ilikuwa kwamba ngozi ikifunguka, sumu ya ugonjwa inatoka. Mwaka 1522 daktari Václav Payer alichapisha kitabu cha kwanza cha kitabibu kuhusu maji yale na kuwashauri watu wayanywe pia, siyo kuoga tu. Ungetegemea ahueni. Badala yake binadamu wakafanya yao: kama kikombe kimoja ni kizuri, hamsini ni vizuri zaidi. Vizazi vilivyofuata mgonjwa alifungiwa chumbani kwenye joto akinywa makumi ya vikombe kwa siku. Fikiria chumvi ya haluli kwa kiasi hicho. Walionusurika walisimulia walivyoponywa. Wengine hawakuwa na la kusimulia.

Aliyegeuza mambo ni David Becher, daktari mzaliwa wa mji huo huo, aliyeishi kuanzia 1725 hadi 1792. Aliyapima maji kikemia kwa njia za wakati wake, na kuanzia 1764 chumvi ya chemchemi ikaanza kutengenezwa na kuuzwa kama dawa. Jambo lake kubwa lakini lilikuwa la kawaida kabisa. Alipunguza kiasi, akachanganya kunywa na kuoga kwa mpango, na akawatoa wagonjwa vyumbani: nenda mwenyewe chemchemini, kunywa pale pale maji yakiwa bado na joto na gesi yake, kisha tembea. Mji wote unaouona leo umejengwa kuzunguka wazo hilo la kutembea. Mlýnská kolonáda, ukumbi mrefu wa nguzo 124 uliojengwa kati ya 1871 na 1881, watalii hupiga nao picha kama kasri. Kazi yake ilikuwa moja: mgonjwa asikose matembezi kwa sababu ya mvua. Hata kikombe cha kule, chenye mpini ulio na tundu kama mdomo wa birika dogo, kimeumbwa ufyonze kidogo kidogo huku unatembea, na maji yasiguse sana meno. Huwezi kugugumia kwacho. Nilijaribu.

Na wakubwa wa zamani? Walikwenda, tena wengi. Peter Mkuu wa Urusi alifika 1711 na 1712. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alikwenda mara 13. Beethoven alikuwepo 1812, na Karl Marx alikuja miaka mitatu mfululizo, 1874 hadi 1876, kwa ajili ya ini lake, huku polisi wa Austria wakimchunga. Lakini uliza walivyoondoka. Beethoven aliondoka na uziwi wake na tumbo lake bovu kama alivyokuja. Marx alijisikia nafuu kwa muda, akafariki 1883. Johann Sebastian Bach alikwenda 1720 kama mwanamuziki katika msafara wa bwana wake, mtawala wa Köthen huko Ujerumani, na aliporudi nyumbani alikuta mkewe amekufa na ameshazikwa. Hilo halihusiani na maji, najua, lakini kila nikipita kwenye habari za Karlovy Vary linanisimamisha.

Walikwenda pia kwa sababu wenzao walikuwa pale. Msimu wa kiangazi mji ulikuwa baraza la Ulaya. Mwaka 1819 mawaziri wa dola za Kijerumani, wakiongozwa na Metternich wa Austria, walikutana hapo wakapanga sheria za kubana magazeti na vyuo vikuu. Wanafunzi wa historia bado wanazikariri kwa jina la mji huo, kwa Kijerumani Karlsbad. Mtu akikuambia "fulani mashuhuri alitibiwa pale", umuulize kama alikwenda kwa ini au kwa mazungumzo.

Sasa kisukari, mama, kwa kuwa hapa linakuhusu moja kwa moja. Katika karne ya 19 Karlovy Vary ilisifika hasa kwa wagonjwa wa kisukari, na sifa hiyo haikutoka hewani. Wakati huo insulini haikuwepo. Mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini alidungwa Januari 1922, Toronto. Mtu mzima mnene mwenye kisukari kama chako alifika, akala chakula cha kupimwa, akaacha mvinyo, akaamka alfajiri, akapanda na kushuka vilima vya pale kwa wiki kadhaa, akapungua uzito. Sukari ilishuka. Leo nikikuandikia utaratibu huo bila maji yoyote, sukari yako itashuka pia. Sifa ikaenda kwa kikombe kwa sababu kikombe ndicho kilichokuwa mkononi. Watoto na vijana wenye kisukari kile kingine, ambacho mwili hautengenezi insulini kabisa, walikunywa maji yale yale na wakafa. Ndiyo sababu nimeanza jibu langu nilivyoanza.

Karne ya 20 nitaipita haraka, ingawa ni nzito. Reli iliyofika 1870 ilileta umati, na kabla ya Vita vya Kwanza mji ulikuwa ukipokea karibu wageni 70,000 kwa mwaka. Mwaka 1938 eneo lote likatwaliwa na Ujerumani ya Hitler, na Novemba ya mwaka huo sinagogi kubwa la mji likachomwa moto. Hata ukumbi wa chuma uliokuwa juu ya Vřídlo ulibomolewa 1939 chuma chake kitumike vitani. Baada ya vita wakazi wenye asili ya Kijerumani, waliokuwa ndio wengi zaidi, walifukuzwa, na mji ukapata watu wapya. Kisha serikali ya kikomunisti ikataifisha nyumba za tiba na wafanyakazi wakawa wanapelekwa kwa zamu. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia pamoja na miji mingine kumi ya chemchemi katika nchi saba, ukiwemo Spa wenyewe.

Basi wewe ufanye nini? Mimi ningekwenda. Ila ningekwenda nikijua haya.

Hofu yangu ya kwanza ni presha. Lita moja ya maji yale ina takriban gramu 1.7 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu mbili kwa siku nzima, chakula chote kikiwemo. Ni kweli sodiamu inayokuja na magadi haipandishi presha kama ile ya chumvi ya mezani, na hilo litakutetea kidogo. Lakini kama moyo wako ni dhaifu, figo zimechoka, au miguu yako huvimba jioni, maji hayo siyo yako, hata kwa vikombe vitatu. Kabla ya safari pima presha kwa wiki moja uandike, na upime kreatinini ya figo. Kipimo hicho ulipaswa kuwa nacho hata bila Karlovy Vary.

Hofu ya pili, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi, ni ile glibenclamide. Utaratibu wa kule ni kunywa maji asubuhi tumbo likiwa tupu, kutembea, kisha ndipo ule. Glibenclamide inaliamrisha kongosho limwage insulini, umekula au hujala, na inafanya hivyo kwa saa nyingi. Ukimeza kidonge chumbani ukaenda kupanda kilima bila kifungua kinywa, sukari inaweza kushuka ukaanguka mbele ya zile nguzo 124. Kidonge hicho kimeze chakula kikiwa mezani. Beba pipi mfukoni, na binti ajue dalili: jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuongea ovyo. Nakuomba pia, kwenye kliniki yako ijayo, umuulize daktari kama wakati umefika wa kukubadilishia. Kwa mtu aliyevuka miaka 60 dawa hiyo siku hizi haipendekezwi, zipo za jamii yake zilizo salama zaidi, kama gliclazide.

Ya tatu ni miguu. Kuoga kwenye maji ya uvuguvugu yenye gesi, chini ya uangalizi, ni raha na kunapanua mishipa ya ngozi. Lakini kisukari cha miaka tisa kinaweza kuwa kimekutia ganzi unyayoni bila wewe kujua, na maji ya nyuzi 73 hayabishi hodi. Acha binti apime maji kwa mkono wake kwanza. Toka bafuni polepole, kwa sababu joto linashusha presha na amlodipine nayo inashusha.

Choo chako ndicho kinachoweza kufaidika. Kama figo na moyo viko sawa na daktari wa kule amekubali, kikombe kidogo cha mililita 150 hadi 200 kabla ya mlo, mara moja au mbili, kinatosha kuanzia. Ukiharisha, acha, kunywa maji ya kawaida, na ukiendelea zaidi ya siku moja piga simu kwa daktari, maana mwili ukikauka metformin inaweza kuleta shida. Ila nataka nikuulize: hali hii ya choo ilianza lini? Kama imekuja miezi ya karibuni, au umeona damu, au unapungua bila sababu, usisubiri mwezi wa tano. Nenda hospitali wiki hii ukachunguzwe utumbo. Na kama ni ya miaka mingi, mboga za majani, maharage, maji na matembezi ya jioni vinafanya kazi ile ile ya salfati bila nauli.

Kuna mitego midogo. Kaki zao nyembamba za duara, *oplatky*, ni sukari kati ya karatasi mbili. Kile kinywaji cha mitishamba, Becherovka, kilichotungwa pale mwaka 1807 na ambacho wenyeji hukiita kwa utani chemchemi ya kumi na tatu, ni pombe kali. Na binti akikupendekezea mji wa Jáchymov, kilomita kama 20 kaskazini, ambako watu huoga maji yenye radoni, gesi yenye mionzi, kaangalieni tu. Kule ndiko yalikotoka mawe ambamo Marie Curie aligundua radiamu 1898, na miaka iliyofuata watu wa Ulaya na Marekani waliinywa radiamu, nayo ina mionzi, kama dawa ya kutia nguvu, hadithi ile ile ya kipimo kwa namna ya kutisha zaidi. Kwa presha na kisukari sioni cha wewe kufuata huko, isipokuwa jambo moja la kumsimulia mwalimu: fedha ya migodi ya Jáchymov ndiyo iliyotoa sarafu iliyoitwa *thaler*, jina likageuka dola, kwetu dala, hadi daladala. Wazee wa Pwani na Zanzibar waliishika jamaa ya sarafu hiyo, ile yenye sura ya Maria Theresa, wakiiita riale.

Chupa ya mwenzako wa jumuiya mwambie kwa upole kwamba haitamfaa. Maji yakikaa, gesi inaondoka, chokaa inaganda, na kinachobaki ni chumvi iliyopoa. Na ile chupa ya Mattoni utakayoiona kila duka ni maji mengine, ya kijiji cha jirani. Tena mwambie asiende kukinga maji ya moto ya huku kwetu akidhani ni yale yale. Maji ya Bonde la Ufa mengi yana floridi kupita kiasi, ndiyo inayowapa watu wa Meru na Arusha meno ya kahawia, na ikizidi hukunja mifupa. Bogoria, Songwe, Kitagata: akaangalie, na pale ambapo wenyeji huoga, aoge. Kunywa, hapana.

Kabla ya kukata tiketi pata barua ya daktari wako yenye majina ya dawa na vipimo vya karibuni, itafsiriwe Kiingereza. Bima ya safari mtaihitaji kwa viza, ila mwambie binti asome kama inagusa magonjwa uliyokuwa nayo tangu awali. Mkifika, lipieni kumwona daktari wa chemchemi siku ya kwanza. Na kama bajeti hairuhusu, basi onja tu kwenye zile nguzo, kwa kuwa pale kukinga ni bure, tembea asubuhi na jioni, na uishie hapo. Kifua kikibana, pumzi ikikatika, au upande mmoja wa mwili ukilegea, hiyo siyo kazi ya daktari wa chemchemi. Namba ya dharura ni 112, Ulaya yote.

Na mwalimu mletee waridi la jiwe. Alishike mwenyewe, akuambie huku akigonga meza nalo kwamba maji yamefanya vile, nawe umwambie ulikunywa vikombe viwili na figo zako zimepimwa.